Makofi kwa Aliyetuma

Mjukuu wangu Eliya,

Marahaba. Huku Katubuka tu wazima, ila goti la babu yako linalalamika kumzidi mwenyewe. Shangazi yako bado anauza dagaa Ujiji.

Umeniuliza, "Bibi, Biblia waliandika watu. Mungu yumo wapi humo?" Sijakasirika. Swali lako limenirudisha usichanani.

Baba alikwenda kuvua mbali, kusini mwa ziwa, na salamu zake zililetwa kwa mdomo na wavuvi. Mmoja alikuwa na kigugumizi, mwingine Mkongo aliyechanganya lugha. Wote walimalizia hivi: "Amesema binti yake asiogope upepo." Mama aliinama akapiga makofi taratibu, kama sisi Waha tunavyomwamkia mkubwa.

Jirani akacheka. "Unamwamkia mvuvi huyu?"

"Namwamkia aliyemtuma," mama akajibu. "Maneno ya mume wangu nayajua."

Mimi nilidhani wavuvi wanabuni tu wanifurahishe. Mpaka asubuhi moja baba mwenyewe akashuka mtumbwini, akanishika kichwa. "Binti yangu, bado unaogopa upepo?"

Eliya, nililia. Kumbe wote walikuwa wamesema kweli, hata yule wa kigugumizi.

Manabii nawasoma hivyo. Walikuwa watu, na ndimi zao nzito. Lakini katika Yesu Mungu alishuka mwenyewe ufukoni kwetu, na sauti ilikuwa ile ile.

Ndiyo maana kabla ya kufungua Biblia huinama, nikapiga makofi. Babu yako huniuliza namwamkia nani, na chumbani tuko wawili tu.

Wewe sasa unajua.

Bibi yako