Nimemficha Mke Wangu Dawa ya Mafua

Shangazi Emmah mpendwa, kabla hujanikaripia naomba msaada, tena wa haraka, kwa sababu nakuandikia nikiwa hapa Kenyatta Market kando ya jiko, nyama inaiva na simu imejaa mafuta. Naitwa Odero. Kama umewahi kula mbavu za mbuzi Nairobi hii ukasahau jina lako, ulikula kwangu. Shule niliachia darasa la saba lakini dunia nimeiona, nimepikia familia ya Kamlesh kule Lavington miaka kumi na moja, nimefika Kampala, nimefika Dar, hata Dubai nimekaa saa nne ndani ya uwanja wa ndege, kwa hivyo mimi si mtu wa kutishwa na karatasi. Lakini hii imenitisha.

Mke wangu ni Peres. Tulipatana hapa hapa sokoni mwaka wa themanini na nane, yeye akisuka nywele upande ule, mimi nikikata nyama upande huu, na Jumapili tulikuwa tunashuka mjini kwa miguu, yeye amebeba viatu vya kisigino mkononi hadi tukikaribia Kenyatta Avenue ndipo avivae, halafu tunatembea kama watu wenye benki, soda moja, mirija miwili, na hatuna haraka na mtu. Siku hizo alikuwa ananipita kwa mwendo, na pumu yake hiyo hiyo.

Sasa Jumapili hii akashikwa na joto mwilini, kikohozi, viungo vyote vinauma. Jumatatu nikampeleka kliniki mjini, daktari mmoja kijana anaitwa Deepa akamchokoa pua kwa kijiti, akapima, akasema hii ni influenza yenyewe, si ile homa ya kupangusa kamasi, na kwa sababu mama ana pumu tusingoje hata siku moja. Akampa tembe kumi za kupigana na virusi, asubuhi moja, jioni moja, siku tano.

Shangazi, kwetu msomaji wa nyumba ni mimi. Nikafungua ile karatasi inayokunjwa ndani ya pakiti, ndefu kuliko shuka, nikasoma: kichefuchefu, kutapika, kichwa kuuma, ndoto mbaya, kuchanganyikiwa, kuona vitu ambavyo havipo. Nikaikunja nikanyamaza. Jumanne asubuhi nikampa tembe kabla ya chai, vile mama yangu Philister alitufundisha, ati dawa inywewe tumbo likiwa tupu ndio ichape vizuri, na Peres akatapika hadi machozi yakamtoka. Jumatano mchana kweupe akazinduka usingizini akaniuliza, “Selpher amekula?” Selpher ni dada yake, tulimzika miaka tisa iliyopita. 

Basi nikachukua zile tembe sita zilizobaki nikazitia mfukoni, nikamwambia, “Mama Joyline, nimempigia daktari simu, amesema zinatosha.” Akanijibu, “Asante, Baba Joyline, umefanya vizuri kumwuliza.” Nimemdanganya mambo madogo madogo miaka hii yote, kama yule kuku niliyemla peke yangu nikasema ameibwa, lakini uongo huu ndio wa kwanza kuninyima hamu ya kula.

Nikamfukiza kama mama alivyotufukiza, sisi watoto sita chini ya blanketi moja, beseni la majani ya mwarobaini linatoa mvuke, ukitoa kichwa mama anakirudisha kwa kofi, tunatoka tumelowa chapachapa, tunachekana, tumepona. Hakukuwa na karatasi siku hizo! Hata ile klorokwini ya malaria ilituwasha mwili mzima, mama akitukuna mgongo kwa gunzi la mahindi huku akiimba, na hakuna aliyetusomea lolote. Lakini Peres chini ya blanketi alikohoa tu, na leo asubuhi anapumua kama mtu aliyepanda ngazi za ghorofa kumi. Nikimrudishia, dawa itanichukulia akili yake. Nisipomrudishia, mafua yatanichukulia pumzi yake. Nifanye nini, Shangazi? Mimi ninayejua kila kitu, hili silijui.

Odero, Kenyatta Market

*

Odero, barua yako ilinifikia Alhamisi saa nne asubuhi na sikungoja siku ya gazeti. Nilikupigia. Wasomaji acha wasikie.

“Shangazi mwenyewe!” ukasema. “Nikupimie kilo ngapi?”

“Toka hapo kwa jiko uende nyumbani.”

“Niko na wateja watano.”

“Jirani yako wa meza ya pili awachomee. Mke wako anatafuta hewa, na dawa yake iko mfukoni mwako. Mpeleke kwa daktari sasa hivi.”

Nikasikia ukimwita jirani ashike koleo. Halafu ukasema, “Naenda.”

Sasa tuongee. Nakuhurumia, maana hofu yako imetoka kwa mapenzi. Lakini umefanya ujinga. Ulisoma yale dawa inaweza kufanya. Yale mafua yanaweza kufanya ndani ya kifua chenye pumu uliyasoma wapi? Hayo hayakunjwi ndani ya pakiti. Kutapika kwa dawa hiyo ni jambo la kawaida, na hupungua mtu akila kwanza. Wewe ukampa tumbo tupu, kisha ukailaumu tembe! Kuhusu Selpher, ni kweli dawa inaweza kumchanganya mtu, ingawa ni mara chache, na zaidi huripotiwa kwa watoto na vijana. Joto la homa nalo hufanya hivyo hivyo. Wewe huwezi kujua ni lipi, mimi siwezi, beseni halijui. Aliyefaa kuulizwa ni Daktari Deepa, na ulimpigia simu ya uongo.

Halafu unanililia siku za zamani. Mimi pia nimekunwa kwa gunzi, bwana. Lakini fikiria vizuri: mama Philister alijua klorokwini itawawasha, na bado aliwapa. Alipima. Mtoto ajikune siku mbili, au mtoto azikwe? Umekumbuka gunzi, umesahau tembe. Na mvuke wa beseni kwa mwenye pumu, komesha leo.

Saa saba ulinipigia kutoka kliniki. Daktari amemsikiliza kifua, amemvutisha dawa ya pumu kwa mashine, amesema aendelee na tembe na asimeze mbili kwa pamoja kufidia zilizopita. Na ukakiri kwa Peres pale kwa benchi, hilo nakupongeza. Akakunyang’anya simu.

“Shangazi, huyu mtu wakati ananitafuta alikuwa ananisomea gazeti la kufungia nyama kabla anifungie robo yangu. Habari za wiki mbili zilizopita! Nilikuwa narudi kesho yake nimalizie hadithi. Leo karatasi iliyo yangu kabisa ameisoma kimya.”

“Umekasirika?”

“Nimekasirika. Lakini acha nipate pumzi, nikasirike vizuri.”

Umesikia? Basi fanya hivi. Uji kwanza, kisha tembe, asubuhi na jioni, hadi ziishe. Akianza tena kumwita marehemu, mpigie daktari saa hiyo hiyo. Pumzi ikibana au midomo ikibadilika rangi, mkimbize hospitali, usiandike barua. Na ile karatasi mfungulie, umsomee kwa Kijaluo neno kwa neno, mabaya yake na faida zake, kisha umwachie yeye aseme ndiyo au hapana. Mwili ni wake.

Ujumbe wako wa jioni nimeuona. Ati ulisoma mpaka anwani ya kiwanda, naye akanyoosha kiganja akasema, “Haya, leta.” Mpe basi, Odero. Na usimfanyie mzaha wowote mpaka amemeza.