Neno Kwenye Fomu Yangu

4 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini kifua kimepoa na mama anakukumbusha dawa. Mimi mwili mzima, moyo ndio unaenda mbio.

Jana msimamizi wa chumba cha kukatia nguo hapa kiwandani alisimama nyuma yangu nusu saa akinitazama nikikata. Leo nimeona fomu yangu. Mahali pa ustadi ameandika neno moja la Kiingereza: inept. Nilimwuliza dada wa meza ya pili, akaangalia pembeni. Tarehe ishirini napimwa, na nikishindwa narudi nyumbani. Hebu muulize rafiki yako, mwalimu mstaafu, hilo neno lina ukali gani. Mama asijue.

Binti yako

9 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Kifua hakijambo.

Mwalimu alisafisha miwani kwanza, nikajua kuna jambo. Anasema asiyejua kazi bado ana neno lake jingine, na hilo halina tusi, maana akifundishwa atajua. Hili lako huambiwa mtu aliyekwisha kuishika kazi na kila akiigusa inamharibikia. Mzembe ni afadhali, kwa kuwa akitaka anaweza. Hata jibu la kipumbavu au mzaha wa msibani Waingereza huuita hivyo hivyo.

Nimekasirika sana. Umekata nguo mezani kwangu tangu una miaka kumi na miwili, leo uitwe mtu asiyeiweza kazi? Alikuona ukifanya nini hasa? Jibu upesi.

Baba yako

12 Machi

Baba,

Shikamoo. Nisamehe kwa salamu fupi.

Alikuwa anatazama mkono wangu. Wenzangu wote huingiza gumba kwenye tundu la juu la mkasi. Mimi huingiza kidole cha shahada na cha kati, gumba nalikunja nje, kama ulivyonifundisha. "Mafundi wa kweli hushika hivi," ulisema. Hapa wananiita Kaa, yule wa majini. Basi nimeanza kushika kama wao, na jana nimeharibu mikono sita ya mashati. Sasa hilo neno limekuwa langu kweli. Niambie, baba, ni nani mwingine anayeshika hivi?

Binti yako

17 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Barua hii nimeichana mara mbili.

Hakuna mwingine. Gumba langu lilikufa kabla hujazaliwa, siku pasi ya mkaa iliponiangukia mkononi. Niliogopa wateja watanikimbia, nikalikunja na kujifunza kukata upya. Nilipokuona unaniiga ilinipasa kukurekebisha. Niliona aibu, nikakuongopea. Kosa ni langu, mama, si lako.

Ila usibadili mkono sasa. Kitambaa hakijui gumba. Kata kama nyumbani, na Mungu aijalie barua hii ikuwahi.

Baba yako

22 Machi

Baba,

Shikamoo. Barua yako imefika jana. Mtihani ulikuwa juzi.

Nilianza kama wao, gumba ndani. Mkato wa kwanza ukapinda, msimamizi akachukua kalamu. Nikasema liwalo na liwe, nikalitoa gumba, nikalikunja. Nikakata tabaka nane za shati zima, toka kola hadi pindo. Alipima kila kipande kwa rula, akarudia. Hakupata kosa ila ule mkato wa kwanza. Akaniuliza ni nani aliyenifundisha. Nikamwambia ni baba yangu, na mafundi wa kweli hushika hivi. Akalikata neno lake kwa mstari, akaandika nibaki.

Kisha nikasoma barua yako. Nimelia, na nimekukasirikia, sitakuficha. Nikija likizo utanionyesha hilo gumba, maana miaka yote hiyo sikuwahi kuliangalia.

Leo asubuhi msimamizi amerudi mezani kwangu, eti bado haelewi kwa nini fundi mzima asitumie gumba. Nimemjibu vilevile, bila kupepesa jicho. Kwa hiyo, baba, sasa tumeongopa wawili.

Binti yako