Nikitembea, Simu Hailii

Mpendwa mshauri,

Naomba unisaidie kabla mwezi haujaisha, maana mwezi ukiisha mwanangu anakuja na gari la mizigo, na ndani ya gari hilo anataka kupakia kitanda changu, sufuria zangu na mimi mwenyewe.

Mimi ni fundi wa mapazia, mjane, na cherehani yangu iko dirishani chumba cha mbele, hapo ndipo ninaposhinda. Wanangu wakubwa wana familia zao, na kitindamimba wangu ni fundi wa lifti katika mji mwingine, na huyo ndiye ugonjwa wangu. Mwaka jana daktari alinipima akasema sukari imeanza kunichungulia, nipunguze kukaa, nitembee. Kitindamimba aliposikia hakutulia, akaninunulia saa ya mkononi ya kuhesabu hatua, akaiunganisha na simu yangu na simu yake, ili hata akiwa juu ya paa la jengo na spana mkononi aone mama yake ametembea kiasi gani. Yaani mtu anayekula kwa sababu watu hawataki kupanda ngazi ndiye ananihimiza mimi nipande ngazi! Nilicheka, nikaivaa.

Siku za mwanzo kazi ilinizidi, sikutembea, na jioni simu ikalia. "Mama, leo umekaa tu? Saa inasema hujainuka." Nikamwambia nimeinuka kuchemsha chai. "Chai si matembezi, Mama." Tukacheka, akaniuliza nimekula nini, akanisimulia habari za bosi wake anayekoroma mikutanoni, tukaongea mpaka hiyo chai yenyewe ikapoa. Kabla ya saa hii, mshauri, alikuwa akinipigia mara moja moja, tena kwa haraka kama mtu aliyeegesha gari pabaya.

Kisha nikapata kazi ya mapazia ya nyumba ya wageni, vyumba vyote, wiki nzima nimeinama kwenye cherehani, na saa hii isiyo na akili ikawa inaona mkono unavyokwenda na kurudi na kitambaa, ikadhani natembea. Mwanangu akanitumia vikaragosi vya makofi, "Hongera Mama, unatisha!" na basi, hakupiga. Wiki nzima sikusikia sauti yake. Kazi ilipokwisha nikakaa mikono mapajani, nimechoka, na jioni ileile simu hiyo inalia. Hapo nikaelewa: nikitembea, simu hailii, nikikaa, inalia.

Basi nikakaa. Wateja niliokuwa nawapelekea mapazia na kuwatundikia mwenyewe nikawaambia waje wayachukue, sokoni namtuma jirani yangu msusi, na kushona nashona kidogo tu asubuhi ili saa isije ikanisifu. Kuivua siwezi, inasikiliza mpaka mapigo ya moyo, nikiivua anajua. Na kweli anapiga kila jioni, nami naingoja simu hiyo, iko kwenye chaja juu ya kabati, nimeshaoga na kuvaa nguo safi kana kwamba ataniona.

Sasa miguu imeanza kuvimba, na juzi kliniki nesi aliponipima sukari alinitazama kwa juu ya miwani, akasema, "Bibi, wewe na hiyo saa mnadanganyana." Mwanangu naye ameingiwa na hofu. Anasema hapa nyumbani namalizika polepole, mwisho wa mwezi anakuja kunihamisha nikaishi kwake ghorofa ya tisa, pasipo hata pa kuweka cherehani, kazi niache nipumzike. Sitaki kuacha kazi yangu, mshauri, wala sitaki sukari inimalize, lakini nikianza kutembea ataona mama yuko salama, na sauti yake nitaikosa tena. Jirani yangu anasema nimwambie ukweli, lakini mama anaanzaje kumwambia mwanawe kwamba ana kiu naye, si nitaonekana ombaomba? Nifanyeje?

Fundi Mapazia

JIBU

Fundi wangu, kwanza simama. Ndiyo, sasa hivi. Barua hii utaisoma umesimama.

Nimecheka sana na barua yako, mpaka nilipofika pale unapooga na kuvaa nguo safi kwa ajili ya sauti ya simu. Hapo nimeumia. Kumtamani mtoto uliyemzaa si uombaomba, mama yangu, na aliyekwambia hivyo ni kiburi chako.

Sasa nikugombeze kidogo. Umri huo wote, unacheza kombolela na daktari, kama mtoto anayejificha! Miguu inavimba, wewe unahesabu simu. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Wewe umeshazaa, tena zaidi ya mara moja, sasa huyo wa mwisho unamficha nini? Anakuona unadhoofika na hajui kwa nini, ndiyo maana amekodi gari la mizigo. Hofu yake hiyo umeishona wewe mwenyewe, pindo kwa pindo.

Saa usiilaumu. Mimi ninayo, na juzi ilinipongeza nikiwa nakanda unga. Inajua mkono umetikisika, mengine haiyajui. Anayestahili lawama kidogo ni mwanao, na umwambie nimesema. Yeye kwa kazi yake anajua lifti haikaguliwi kwa kutazama taa ya mlangoni. Anafungua, anaingia, anashika nyaya kwa mkono. Mama naye hakaguliwi kwa taa. Vikaragosi vya makofi ni taa.

Wiki hii rudi kwa daktari, umweleze ukweli wote, ukianza na miguu. Usianze matembezi marefu kabla hajakuruhusu. Akikuruhusu, mapazia ya watu uyapeleke mwenyewe kama zamani, maana kutundika pazia la sebule ni mazoezi kuliko unavyodhani, na jirani yako msusi aachwe asuke. Unaposhona, vua hiyo saa uitie kwenye kopo la vifungo, na mwanao ajue kwa nini umeivua.

Na mwanao, usimngoje jioni. Mpigie wewe. Mwambie hivi hivi: "Mwanangu, nilikuwa nakaa makusudi ili unipigie." Kisha nyamaza. Atanyamaza na yeye. Nakujua wewe kwa maandishi yako, utataka kuujaza ukimya huo kwa utani. Usiujaze. Mwache mtoto asikie alichoambiwa.

Akishazungumza, mpatane. Kila jioni akitoka kazini akupigie, asiulize habari za hatua hata moja. Wewe simu sikioni, mguu barabarani, mnaongea huku unatembea mpaka maneno yaishe. Habari za bosi anayekoroma zenyewe tu zitakufikisha mbali. Na yeye, fundi wa lifti, wakati wa maongezi apande kwake kwa ngazi, tena ghorofa zote tisa, tumsikie anavyohema. Kuna siku atabanwa na kazi, simu isilie. Siku hiyo utapiga wewe, na wala usihesabu nani kapiga mara ngapi.

Kuhusu kuhama, hapana. Mtu mwenye kazi anayoipenda na wateja wanaomjua hang'olewi kama msumari. Gari la mizigo alirudishe. Mwisho wa mwezi aje na mkoba tu, alale siku mbili, na ukienda kutundika mapazia aje akushikie ngazi. Kwa ngazi huyo hana utaalamu, lakini atajifunza.

Hayo ndiyo yangu. Simu iko juu ya kabati, na wewe tayari umesimama. Nenda.