Perege wa Kwenye Matete

Mjukuu wangu Ndeshi,

Marahaba, shikamoo yako imefika. Hapa Machame hatujambo. Ng'ombe amezaa, na baba yako mdogo hatimaye ameoa.

Unasema huko Finland mnavua samaki kwenye matundu ya barafu, watu wamesongamana pahali pamoja, nawe hupati kitu. Unauliza uende wapi. Mimi barafu naijua ya mlimani tu, na haina samaki. Lakini nimewahi kuvua kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu.

Miaka ile serikali iliporuhusu biashara huria, babu yako alichoka na kulima kahawa akatangaza kuwa ni mvuvi. Wakwe watarajiwa wa shangazi yako Anna walikuwa wanakuja kumposa, naye akawaahidi samaki. Tulipofika bwawani, tulikuta mtu mmoja amevua perege mkubwa, na wengine wote wamejazana ubavuni mwake. Babu yako akajipenyeza katikati. Ndoano yake ikanasa kofia ya mzee wa watu.

Kelele zikanishinda. Nikaenda mbali, kwenye matete, nikatupa ndoano yangu pale palipotulia. Perege wakaja mpaka ndoo ikajaa.

Babu yako akanifuata, amekasirika. "Mama Anna, huku hakuna samaki! Wangekuwepo, watu wangekuwa huku!"

"Kweli kabisa," nikamjibu. "Nisaidie kubeba ndoo."

Wageni walikula wakamsifu kwa uvuvi wake, naye akashukuru bila haya. Anna akaposwa.

Basi toboa tundu lako mbali na watu. Ukipata samaki, usishangilie, watakuhamia wote.

Bibi yako akupendaye