Kwa Kaveke wa Kisiagi, Aliyetuachia Mutanu

Mwaitu, mama yetu, mwaka umetimia leo tangu tukuzike pale nyuma ya nyumba, Kathonzweni. Tulitaka kukuandikia maneno matamu kama wanavyoandikiwa mama wengine, tukashindwa. Kila tukianza tunafika kwa Mutanu, na hasira zinatupanda.

Naandika mimi Kasyoka, kifungua mimba wako. Ndugu yangu Nyamai amekataa kalamu. Anasema akiishika atakugombeza tu, na wewe huna njia ya kumjibu.

Tulikupenda, hilo tulitangulize. Miaka ishirini na sita ya kuendesha kisiagi ilikuharibu masikio, ukawa unaongea kwa kelele hata nyumbani, hata ukiomba. Majirani walijua maombi yako yote. Unga haukutoka kwenye nyusi zako hata Jumapili. Mjane akileta mahindi ulimsagia kwanza, na aliyenung'unika alirudishwa nyuma ya foleni.

Lakini ulikuwa na neno moja lililotuchosha sote: "Sikukuuliza kama unataka." Ulimwambia Baba alipokataa dawa za presha. Ulimwambia Nyamai alipotoroka shule ya bweni, ukamrudisha mara mbili kwa kumshika sikio, kutoka steji hadi getini, watu wakitazama.

Kisha ukamwambia Mutanu. Alikuwa msichana wa watu, wa miaka kumi na sita, amevunja kanisa letu na kuuza spika. Waumini walitaka apelekwe mbali. Wewe ukasimama mbele ya hakimu, ukapaza sauti kama kawaida yako, ukasema utakaa naye. Akawekwa chini ya uangalizi wako miezi kumi na minane. Mwenyewe alisema afadhali afungwe. Hakuna aliyemsikiliza, na wewe ndiwe uliyesikia kidogo zaidi.

Ulitutesa, Mwaitu. Msichana alitoroka mara tatu. Mara tatu ulizima mashine ukamfuata, mara moja hadi Emali, wateja wamekalia magunia yao wakikusubiri. Miezi miwili hakukusemesha. Ukasema kisiagini ni mahali pazuri kwa mtu asiyetaka kuongea, maana hata akiongea hasikiki. Nyamai alikuambia mtu harekebishwi kwa nguvu; asipotaka mwenyewe, unatwanga maji kwenye kinu. Ukamjibu samaki mkunje angali mbichi, wewe ambaye hukuwahi kupika samaki maisha yako yote. Akasema huyu ameshakauka. Mimi nilikuwa upande wake, ingawa nilimkumbuka alivyokuwa akiburutwa kwa sikio, na leo ni mwalimu.

Ulipofariki, Mutanu alikuwa amebakiza miezi minane. Baba akaweka sahihi amalizie kwetu. Siku tatu za matanga kisiagi kilinguruma, na wengine walisema ni kukuvunjia heshima. Ni Mutanu aliyekifungua bila kuambiwa, akasaga unga wa waombolezaji wote. Nilipoenda kumshukuru alisema, "Si kwa sababu yenu," akaendelea kumimina mahindi.

Siku muda wake ulipoisha, miezi minne iliyopita, aliondoka kabla ya chai. Hakuaga. Tulishusha pumzi, kusema kweli.

Wiki iliyopita afisa wa probesheni alipiga simu kutoka mjini Wote. Mutanu amekamatwa na simu mbili za wateja, kwenye hoteli alikokuwa akiosha vyombo. Kesi ni Alhamisi. Akipata nyumba ya kumpokea, huenda asifungwe. "Lakini niwaambie ukweli," akasema yule afisa, "alisema nisiwapigie. Hataki kabisa kuwaona."

Sasa tukuulize, ilisaidia nini? Miezi yote hiyo, kelele zote hizo, na mtoto amerudi pale pale. Hatujui kama ulibadilisha chochote ndani yake. Labda unga wa siku tatu ndio shukrani yote tutakayoiona. Tumechoka, na hatuna kifua chako.

Jumapili tulibishana tangu ibada ilipoisha hadi mbuzi wakarudi. Nyamai alisema hapana mara nne. Kisha akashika sikio lake, nadhani bila kujua. Baba akasema sahihi ataweka yeye, ila macho hayaoni vizuri, nani atampeleka kortini? Nyamai akajibu kwa ukali kwamba ameshaomba ruhusa shuleni.

Usidhani tumekubaliana nawe. Tumeshindwa tu kusema hapana, na hilo pia ni kosa lako.

Hatutakusahau, Mwaitu, hata tungetaka. Wanaokukumbuka ni mumeo Kivuva, watoto wako Kasyoka na Nyamai, wajukuu watano, wajane wa foleni ya mbele, na Mutanu.

Yeye, aliposikia tunakuandikia, ametuma neno kupitia kwa afisa kwamba jina lake tusiliweke hapa. Hatukumuuliza kama anataka.