Jezi Alizofua Mama

Arlington, Texas, Jumamosi

Nilikasirika kweli. Nimeomba ofu kazini, nimempeleka Baba, aliyekuja kunitembelea kutoka nyumbani, kuona mechi ya Kombe la Dunia kwenye uwanja ule wenye paa, na yeye, aliyekuwa katibu wa timu yetu ya taifa miaka ya kwanza ya uhuru, hakushangilia hata mara moja. Aliwakodolea macho wachezaji tu.

Mechi ilipoisha akauliza, "Jezi zote hizi, nani atazifua?"

Nikacheka. "Baba, kuna mashine."

"Sisi tulikuwa na seti moja. Tukienda kucheza Uganda, mama yako alizifua kwa mikono, akazikausha kwa pasi ya makaa."

Tangu tumzike Mama hajawahi kumtaja. Hasira zikaniisha.

Uwanja wote ule, mataa yote yale, na alichokuwa akikiona Baba ni mikono ya Mama.