Zuhura Amekula Magimbi na Karoti

Kyimo, Tukuyu

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, na miguu imepunguza kuuma. Sisi hatujambo, na safari hii sisemi hatujambo kwa mazoea tu. Athumani mdogo wangu, msomee mama polepole, usiruke neno.

Mama, Zuhura amekula!

Najua barua iliyopita ilikuliza. Surua ilikwisha, vipele vikakauka, daktari akasema mtoto amepona, kilichobaki ni chakula. Chakula chenyewe ndicho akawa hakitaki. Uji anatema, ndizi anageuza uso. Alikuwa mwepesi hata nikimfunga mgongoni nageuka kumtazama kama bado yumo. Baba yake akawa harudi mchana, anabaki shamba la shule na wanafunzi wake, maana siku hizi kila shule inajilimia. Aliniambia hawezi kukaa kumwona mwanawe anakataa kijiko.

Juzi asubuhi akaja jirani yangu, Mama Tumpe, Mnyakyusa ambaye shamba lake limepakana na nyumba yetu. Kabeba magimbi na karoti alizotoka kuzing'oa, bado zina udongo mbichi. Akasema nimpikie mume wangu, ale pamoja na wali na maharage. Nikamwambia nazi sina. Akacheka, akaenda kwake, akarudi na maziwa.

Nikamenya magimbi, mikono ikaniwasha kweli. Nikayachemsha, nikamwaga maji ya kwanza, nikatia karoti, kitunguu, chumvi na yale maziwa. Nikapunguza kuni mpaka mchuzi ukawa mzito. Karoti za huku, mama, utadhani zimetiwa sukari.

Zuhura alikuwa mgongoni. Nikapakua kidogo kwenye kisahani kipoe nionje chumvi, nimekishika karibu na bega, huku naongea na Mama Tumpe. Mara nikasikia mtu anatafuna sikioni mwangu.

Sikugeuka. Niliogopa nikigeuka ataacha. Mama Tumpe akanong'ona, "Tulia, mwanangu. Amechukua kingine."

Kile kijikono kikapita tena begani, na tena, mpaka kisahani kikawa kitupu. Kisha akanipiga kofi la shingoni, akasema, "Tena."

Neno lake la kwanza tangu augue. Nikakaa chini palepale jikoni nikalia. Mama Tumpe naye analia, anasema "ndaga, ndaga", ndiyo asante ya Kinyakyusa, anamshukuru Mungu. Baba Zuhura aliporudi hakukuta hata kipande. Alikula wali na maharage yake, huku anacheka peke yake kama mtu aliyeokota kitu njiani.

Jana mtoto alisimama kwa kushika mlango. Leo anatembea tena, na kila anayepita anamwonyesha tumbo.

Mwambie bibi dua zake zimefika. Msalimie mjomba mshona kofia, na shangazi wa vitumbua, mwambie mjukuu wake sasa ana meno ya kazi. Mkweo anakuamkia sana.

Ningeandika zaidi, lakini Zuhura amekuja anakokota sufuria, ameipandisha juu ya karatasi. Hilo doa la masizi hapo chini ni lake. Ndiyo salamu yake kwako wewe bibi yake.

Ni mimi mwanao,
Mwanahamisi